Kasi ya Upumuaji wa Mimea na Wanyama: Kipimo Kikigoma, Tatizo Liko Wapi?

Umefunga njegere zinazoota ndani ya chupa, umeweka potasiamu hidroksidi ya kunyonya hewa ukaa, tone la maji ya rangi limo kwenye mrija mwembamba na saa inakimbia. Baada ya dakika 10 tone bado liko palepale. Au limekimbia mpaka likamezwa na chupa. Au limekwenda upande wa nje, kana kwamba mbegu zinatengeneza hewa badala ya kuitumia. Wengi wakifika hapa hulaumu mbegu. Mimi nashauri mbegu ziwe za mwisho kushukiwa, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye joto, kwenye kizibo au kwenye hesabu.

Kifaa hicho cha kupima upumuaji huitwa respiromita, na kanuni yake ni nyepesi. Kiumbe hutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hewa ukaa ikinyonywa na kemikali, ujazo unaopungua ndani ya chupa ni ule wa oksijeni iliyotumika, na tone huvutwa kuelekea kwenye chupa. Ukizidisha umbali liliosogea kwa eneo la tundu la mrija, unapata ujazo wa oksijeni. Kila kinachobadilisha ujazo wa hewa kwa njia nyingine kitajifanya upumuaji, na vitu hivyo ni vingi.

Kabla ya yote: pima chupa isiyo na uhai

Chupa ya hewa iliyofungwa ni kipimajoto kizuri kuliko ilivyo kipimo cha uhai. Tuchukue chupa yenye mililita 25 za hewa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda nyuzi 1 tu, hewa hiyo inatanuka kwa takriban mililita 0.084. Kwenye mrija wenye kipenyo cha milimita 1, ongezeko hilo linasukuma tone zaidi ya sentimita 10. Yaani sehemu ya kumi ya nyuzi moja inatosha kulisogeza sentimita nzima, na hapo hujahesabu mvuke wa maji unaoongezeka kadiri joto linavyopanda. Kiganja kilichoshika chupa, taa ya mezani, jua la dirishani au pumzi ya mtu aliyeinama kusoma rula vyote vinatosha kufuta jaribio.

Kwa hiyo tengeneza chupa ya pili iliyo sawa na ya kwanza: kemikali ileile kwa kiasi kilekile, pamba yenye unyevu uleule, na badala ya mbegu weka shanga za kioo zenye ujazo sawa na mbegu. Ujazo huo unaupata kwa kutumbukiza mbegu kwenye silinda ya kupimia yenye maji na kuona maji yamepanda kiasi gani, kisha unaongeza shanga kwenye silinda nyingine mpaka maji yapande kiasi hichohicho. Usikadirie kwa macho. Shanga zikiwa chache, chupa hiyo itakuwa na hewa nyingi zaidi, itatikiswa zaidi na joto, na marekebisho yako yatakuwa ya uongo.

Weka chupa zote mbili ndani ya beseni moja la maji, koki (vali ndogo za kuruhusu au kuzuia hewa) zikiwa wazi, kwa dakika 10 hadi 15. Funga koki, kisha tazama chupa ya shanga kwanza. Kama tone lake linatembea sana, usiendelee na chochote. Ongeza maji kwenye beseni, lisogeze mbali na dirisha, subiri tena.

Tone halisogei kabisa

Anza na uvujaji. Kwa sirinji, sukuma tone sentimita 5 hivi kutoka mahali pake, funga koki, subiri dakika 2. Likirudi lenyewe mpaka lilipokuwa, hewa inapita mahali fulani. Zamisha chupa majini na ubonyeze sirinji taratibu. Mapovu yatakuonyesha tundu. Mara nyingi ni pale mrija wa kioo unapopenya kizibo cha mpira, na grisi kidogo au mafuta ya mgando hutosha kuziba. Angalia pia kama koki yenyewe imefungwa kweli.

Kama haivuji, tazama mrija. Mrija mchafu hushika tone, likakaa muda mrefu kisha likaruka ghafla. Usafishe, ukaushe, na uongeze tone moja la sabuni ya maji kwenye maji ya rangi.

Sababu ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi: kemikali haipo, au imeshachoka. Mbegu inayotumia wanga hutoa karibu molekuli moja ya hewa ukaa kwa kila molekuli ya oksijeni inayoitumia. Bila cha kunyonya hewa ukaa, ujazo unaotoka na unaoingia ni sawa, na tone halina sababu ya kusogea hata kama mbegu zinapumua kwa nguvu zote. Tone lililosimama katika hali hiyo halisemi kwamba mbegu zimekufa.

Hali hiyohiyo hutokea kwa majani mabichi kwenye mwanga hafifu. Kuna kiwango cha mwanga ambapo usanisinuru hurudisha oksijeni yote ambayo upumuaji umeitumia. Ukipima pale, jibu ni sifuri, ingawa shughuli mbili kubwa zinaendelea kwa wakati mmoja.

Hayo yote yakiwa salama, ndipo ushuku mbegu. Mbegu kavu hupumua kidogo mno, kiasi cha kutoonekana kwa kifaa cha darasani. Ziloweke usiku mzima, kisha ziache kwenye pamba yenye unyevu mpaka kizizi kitokeze. Mbegu zilizoachwa zimezama majini siku nyingi hukosa oksijeni na kuoza.

Tone linakwenda nje, mbali na chupa

Joto limepanda; hilo ndilo jibu la kwanza. Mara nyingi jaribio limeanzishwa mapema, chupa ya baridi ikiwa bado inapokea joto la maji. Linganisha na chupa ya shanga: kama nayo inakwenda nje kwa kiasi kilekile, hakuna la kibiolojia hapo.

Kama chupa ya shanga imetulia na ya mmea peke yake inakwenda nje, uliza kama kuna kitu cha kijani ndani. Tangu 1779, daktari na mwanasayansi Jan Ingenhousz alipochapisha majaribio yake, inajulikana kwamba sehemu za kijani za mmea huitengeneza hewa upya zikiwa kwenye mwanga na kuichafua zikiwa gizani. Ukitaka upumuaji wa jani, lazima ulinyime mwanga. Funika chupa kwa karatasi ya alumini pande zote, pamoja na chini na kuzunguka kizibo, sehemu ambazo husahauliwa. Kisha subiri dakika 20 au 30 kabla ya kusoma, maana jani lililotoka kwenye mwanga mkali hupumua kwa kasi ya juu mwanzoni mwa giza kabla ya kutulia.

Wanaotumia mbegu wajihadhari na jambo hilohilo. Mbegu iliyoota kwa siku kadhaa kwenye mwanga huanza kutoa machipukizi ya kijani, na kipimo chako kitaonyesha upumuaji "unapungua" kadiri siku zinavyopita. Kinachokua pale ni usanisinuru. Otesha mbegu gizani, au funika chupa hata kama unadhani si lazima.

Sababu ya tatu ni uchachushaji. Mbegu nzima za jamii ya njegere, zikiwa ndiyo kwanza zimeloweshwa, zina ganda linalozuia oksijeni isiingie vizuri, hivyo sehemu ya nishati hupatikana bila oksijeni, kwa kutengeneza alkoholi na hewa ukaa. Kemikali ikiwa haitoshi, hewa ukaa hiyo ya ziada itasukuma tone nje. Subiri mpaka ganda lipasuke na kizizi kitoke.

Tone linakimbia mno

Likikimbia dakika 2 za mwanzo tu kisha likatulia, kemikali inasafisha hewa ukaa iliyokuwemo tangu mwanzo. Pumzi ya binadamu ina takriban asilimia 4 ya hewa ukaa, mara 100 hivi ya hewa ya kawaida, na mtu akifunga chupa huku uso umeinama juu yake, huacha pumzi yake ndani. Acha koki wazi kwa dakika 5 baada ya kuweka kizibo, ndipo uanze.

Likiendelea kukimbia, angalia kama maji ya beseni yanapoa. Beseni la nyuzi 35 ndani ya chumba cha nyuzi 22 hupoteza joto kila dakika, na hewa inayosinyaa huvuta tone kuelekea kwenye chupa, upande uleule wa upumuaji. Hili ni kosa baya kuliko lile la tone kwenda nje, kwa kuwa jibu linaonekana zuri na hakuna anayelitilia shaka.

Halafu kuna shinikizo la angahewa. Mrija ukiwa wazi upande mmoja, badiliko la hektopaskali 1 linasogeza tone la chupa yetu ya mililita 25 kwa takriban sentimita 3. Shinikizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na hilo huonekana wazi zaidi karibu na ikweta. Kwa dakika 10 athari ni ndogo. Kwa saa nzima si ndogo tena. Dawa yake ni kuunganisha chupa ya mbegu na chupa ya shanga kwa manomita (mrija wenye kimiminika wa kupimia tofauti ya shinikizo) yenye umbo la U, ili joto na shinikizo vitikise pande zote mbili sawasawa. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua kifaa hiki.

Lilianza vizuri, kisha likapunguza mwendo

Chora grafu ya umbali dhidi ya muda, usomaji mmoja kila dakika. Mstari ukinyooka, kasi ni mwinamo wake. Ukianza kujikunja, tumia sehemu iliyonyooka tu, na utafute sababu ya kujikunja.

Kemikali inaweza kuwa imezidiwa. Myeyusho ulio chini ya chupa hunyonya kupitia uso wake pekee. Simamisha kipande cha karatasi ya kuchujia ndani yake ili uso uongezeke. Soda laimu, kemikali ya chembechembe inayonyonya hewa ukaa, ikiwa na kionyeshi (rangi ya kuashiria) hubadilika rangi ikichoka, ila rangi hiyo inaweza kufifia ikikaa muda, kwa hiyo usirudishe iliyotumika kwenye kopo. Oksijeni nayo inaweza kuwa imepungua, hasa kama chupa ni ndogo na viumbe ni wengi. Fungua koki, ingiza hewa mpya, rudia. Mwendo wa awali ukirudi, sababu umeipata.

Potasiamu hidroksidi huunguza ngozi na macho. Vaa miwani na glavu, na tenganisha kemikali na viumbe kwa wavu usioweza kupinduka. Kwa wanyama napendelea soda laimu ndani ya kifuko cha chachi, maana kimiminika kikimwagika ndani ya chupa yenye panzi, panzi anaumia na kipimo kimeharibika.

Chupa ya kulinganishia nayo inasogea

Ni kawaida, na ndiyo kazi yake. Tatizo ni alama ya hesabu, yaani kujumlisha au kutoa. Tuseme tone la mbegu limesogea milimita 30 kuelekea kwenye chupa ndani ya dakika 10, na la shanga milimita 6 upande uleule: toa, unabaki na 24. La shanga likiwa limekwenda nje milimita 6, jumlisha, upate 36. Wanafunzi wengi hutoa katika hali zote mbili.

Tuendelee na ile 24. Nusukipenyo cha mrija ni milimita 0.5, eneo ni milimita za mraba 0.785, ujazo ni milimita za ujazo 18.8 kwa dakika 10, sawa na mililita 0.113 kwa saa. Mbegu zikiwa na gramu 2, kasi ni mililita 0.057 za oksijeni kwa gramu kwa saa. Jibu lako likizidi la wenzako mara 4 kamili, umetumia kipenyo mahali pa nusukipenyo.

Wengine huweka mbegu zilizochemshwa badala ya shanga. Siku ya kwanza zinafaa. Zikikaa, bakteria na kuvu huzivamia, na hao wanapumua kwa bidii. Mbegu zilizokufa zitaonekana kufufuka. Zisafishe kwa myeyusho hafifu wa klorini, uzisuuze vizuri, kisha uzitumie siku hiyohiyo.

Kihisi cha hewa ukaa kinatoa namba zisizoeleweka

Kihisi huondoa adha ya tone, lakini huleta zake. Kikiwashwa kinahitaji muda wa kupata joto. Kipeleke nje kwanza, penye hewa wazi. Kinapaswa kusoma karibu sehemu 420 hadi 430 kwa milioni. Vihisi vingi vya bei nafuu hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba namba ndogo kuliko zote vilizoziona kwa siku kadhaa ndiyo hewa ya nje. Ukikiacha kwenye kabati au chumba kisichopitisha hewa, kitajirekebisha vibaya. Zima mpango huo kabla ya jaribio refu.

Namba ikipanda kisha mstari ukalala, shuku uvujaji kwanza, kwa kuwa hewa ukaa huvuja kwa kasi zaidi kadiri ilivyo nyingi ndani. Shuku pia maji: kwenye nyuzi 20, hewa ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara 25 kuliko oksijeni, hivyo pamba iliyolowa chapachapa huimeza na kuchelewesha namba.

Na kupanda kwa sehemu kwa milioni peke yake hakulinganishwi. Ongezeko la 100 kwa dakika ndani ya mililita 250 za hewa ni mililita 0.025 za gesi. Ongezeko hilohilo ndani ya lita moja ni mara 4 ya hapo. Ujazo wa hewa ni ule wa chupa ukitoa ujazo wa kiumbe.

Panzi na mende: namba zinaruka

Mdudu aliyetoka kushikwa hupumua kwa kasi ya hofu na purukushani. Mpe dakika 15 atulie, gizani ikiwezekana, na uandike kila anapotembea. Lakini hata mdudu aliyetulia tuli anaweza kutoa hewa ukaa kwa mafungu: baadhi ya wadudu hufunga matundu yao ya kupumulia kwa muda, kisha huyafungua na kuiachia kwa mkupuo. Dakika 3 za kipimo zinaweza kuangukia kimya kitupu au mkupuo mtupu. Pima muda mrefu unaobeba mizunguko kadhaa, kisha uchukue wastani.

Kuhesabu pumzi, au mara ngapi samaki anafungua vifuniko vya matamvua, hakuchukui nafasi ya kipimo hiki. Hesabu hiyo inaeleza mwendo wa maji au hewa, nayo hupanda pia oksijeni ya majini ikipungua, ingawa mnyama hatumii zaidi. Maji safi yaliyojaa hewa kwenye usawa wa bahari yana takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini 7.6 kwenye nyuzi 30.

Vipimo ni safi, ulinganisho haueleweki

Hapa ndipo pa kutulia, maana kipimo kizuri huharibiwa kwenye jedwali la mwisho.

Gramu za nini? Mbegu kavu ina maji kidogo, iliyoota inaweza kuwa nusu yake ni maji, na mdudu ana maji mengi zaidi. Ukigawanya kwa uzito mbichi, mbegu iliyoloweshwa inaadhibiwa kwa maji ambayo hayapumui. Eleza ni uzito upi, na kwa ulinganisho wa mmea na mnyama tumia uzito mkavu pale unapoweza kukausha sampuli baadaye. Kwa wanyama usikaushe. Pima uzito mbichi na useme hivyo.

Joto gani? Kwa mimea na wanyama wasiojipasha joto, nyongeza ya nyuzi 10 huongeza kasi mara 2 hadi 3, mpaka joto lianze kudhuru vimeng'enya. Mbegu zilizopimwa kwenye nyuzi 20 na mende aliyepimwa kwenye nyuzi 28 haziwezi kukaa safu moja. Panya ni kinyume: ukimpoza, hutumia oksijeni zaidi ili kulinda joto lake. Grafu ya mamalia ikishuka joto linapopanda, usidhani umegeuza jedwali. Ila mamalia asifungiwe kwenye chupa ya darasani. Anahitaji mfumo wenye hewa inayopita na usimamizi unaostahili.

Ukitumia mbegu zilezile kwenye nyuzi 15, kisha 25, kisha 35, zinazidi kuota kadiri saa zinavyopita, na umri unajificha ndani ya joto. Changanya mpangilio, au tumia kundi jipya kwa kila joto. Vilevile, kusoma chupa moja mara 5 hakukupi sampuli 5. Unahitaji chupa 5.

Ukubwa gani? Mwanafiziolojia Max Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba matumizi ya nishati ya mamalia hukua kwa takriban uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Mnyama mzito mara 10,000 kuliko mwingine hutarajiwa kutumia, kwa kila gramu, sehemu ya kumi tu ya kasi ya yule mdogo. Mdudu mdogo akimzidi mkubwa kwa gramu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya ukubwa kabla ya kuwa ya spishi.

Gesi ipi? Usiweke oksijeni iliyotumika na mmoja kando ya hewa ukaa iliyotolewa na mwingine. Uwiano wa hewa ukaa kwa oksijeni ni 1.0 kwa wanga na takriban 0.7 kwa mafuta, kwa hiyo mbegu za alizeti zinazochoma mafuta zitaonekana wavivu ukizipima kwa hewa ukaa. Uwiano huo unaupata kwa jaribio la pili lisilo na kemikali. Tone likivutwa milimita 24 kukiwa na kemikali na milimita 3 bila kemikali, hewa ukaa iliyotolewa ni sawa na milimita 21, na uwiano ni 0.875. Bila kemikali likienda nje milimita 3, hewa ukaa ni 27 na uwiano ni 1.125. Uwiano ukizidi 1 hivyo kwenye njegere nzima, rudi kwenye ganda lisilopasuka na uchachushaji, kisha upime tena kesho yake kizizi kikiwa kimetokeza.